Mtu Aliyening'inia kwa Mguu Mmoja

Kuku akibebwa kichwa chini hupiga kelele mwanzoni tu. Hilo nililijua kabla sijajua hata kujifunga kanga vizuri. Bibi yangu, mama yake baba, alifuga kuku wengi kule bondeni kwetu, na siku ya kwenda kuuza Mohoro aliwafunga miguu kwa ukili, wawili wawili, akanipa nishike jozi moja mkono huu na jozi nyingine mkono huu, yeye akajitwika tenga la mayai. Tulitoka umande haujakauka. Mwanzo wa safari kuku wanapapatika, wananipiga mabawa ya mapaja, wananichafua, mpaka natamani kuwaachia waende zao porini. Tukishavuka kijito wametulia. Wananing'inia tu, shingo wameikunja kidogo, macho wazi, wanatazama dunia inavyopita. Nilikuwa nawaonea ajabu sana. Siku moja nikamuuliza Bibi, "Hawa wanaona nini huko chini?"

Akanijibu bila kugeuka, maana mwenye mayai kichwani hageuki ovyo: "Wanaiona miguu yako, mke mwenzangu. Wanaulizana huyu mtoto maji anayajua?"

Bibi aliniita mke mwenzake kwa sababu ya babu. Alisema mume wetu ni mmoja, na yeye ameshamchoka, nikikua niende kumpokea zamu. Babu mwenyewe alikuwa amekufa zamani, sikumwona hata kivuli, lakini utani haukukoma.

Mohoro tulifika jua limepanda. Harufu ya Mohoro mimi ningeijua hata mkinifunga macho: mchele mpya, samaki mkavu, na mafuta ya nazi kutoka vichwani mwa watu. Mnunuzi anamnyanyua kuku kwa miguu ile ile, anampuliza manyoya ya kifuani aone nyama, anamrudisha. Aliyefia njiani hakuna anayemtazama. Bibi alikuwa ananionya, "Usiwabane, usiwaburuze, mfu hanunuliwi." Nikakua na elimu hiyo. Nyingine niliyopata ni ya chuo cha Kurani, na darasa chache za shule ambazo nazo zilikatizwa na mafuriko, na baadaye zikakatizwa na kuolewa, lakini hayo si ya leo.

Nimeyakumbuka ya kuku kwa sababu ya mjukuu wangu. Siku hizi nakaa naye hapa Kibiti, karibu na barabara kubwa. Juzi nilikuwa napepeta mchele uani, yeye kajilaza mkekani na simu yake, mara akacheka. "Bibi, hebu njoo umwone huyu dada anawatazamia watu kwa karata. Wanampigia kutoka kila mahali." Nikasogea. Mwanamke mmoja aliyejipaka macho kapanga picha mezani, na katikati ya zile picha nikamwona mtu kafungwa mguu mmoja kwenye mti, kichwa chini. Suruali nyekundu, shati la buluu. Mguu mwingine kaukunja nyuma ya ule uliofungwa, mikono iko mgongoni, na kichwani kote anawaka mwanga kama kikarai cha shaba kilichosuguliwa na jivu. Uso umetulia.

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia, "Huyo namfahamu."

"Unamfahamu wapi, Bibi, na wewe!"

"Nimekaa naye msimu mzima wa mpunga."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanisomea yaliyoandikwa: kwamba maana yake ni kusubiri, na kukubali kukaa pasipo mbele wala nyuma, na kuyaona mambo kwa upande ambao wengine hawauoni. Nikamwambia hayo niliyasikia kabla mama yake hajazaliwa. Akaniuliza nilifundishwa na nani. Hapo ndipo nilipoona bora nikae niandike, maana kusimulia kwa mdomo kwa watoto wa simu ni kazi, kila dakika simu inaita.

Baba yangu alikuwa mkata boriti. Alishuka huko mikokoni na shoka lake, akakaa muda, akarudi kanuka tope la chumvi, na samaki wakavu kwenye kikapu. Tuliomsubiri tulikuwa mama yangu, jina lake Somoe, mimi mtoto wake mmoja, na Bibi kwenye nyumba yake jirani. Shamba letu lilikuwa karibu na mto, pale maji yanapopanda na kuacha tope jeusi. Kila mtu alilitamani. Na aliyelitamani zaidi alikuwa kaka mkubwa wa baba, Baba Mkubwa Hamisi, kwa sababu alikuwa na kijana wake anataka kuoa, na kijana hana pa kulima.

Mwaka ninaousema baba aliondoka wakati tunapanda. Mpunga ukaota, ukapaliwa, ukaanza kubeba mimba, yeye hajarudi. Kisha wavuvi wakaleta habari kwamba mtumbwi wake umeonekana umepinduka, umenasa kwenye mizizi ya mikoko, na mwenyewe hayupo.

Baba Mkubwa akaja siku hiyo hiyo. Alikaa ukumbini kwa Bibi, akajifuta uso, akasema, "Shemeji Somoe, tumefiwa. Kaa eda."

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuacha. Akasema, "Shemeji, uliopinduka ni mtumbwi."

"Na aliyekuwa ndani?"

"Aliyekuwa ndani sijamwona. Sijaona maiti, sijaona hata nguo."

Wenzangu mnaojua mila zetu mtaelewa mara moja palikuwa na nini hapo, lakini niwaeleze na wengine. Mwanamke akikaa eda ya kufiwa anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi shamba. Na mpunga ulikuwa umebakiza kidogo uanze kuzaa, na mpunga ukizaa lazima mtu akae juu ya dungu kutwa nzima kuamia ndege, kuwafukuza wasile, la sivyo wanakuachia makapi. Mama akikaa eda, ama ndege watakula, ama Baba Mkubwa ataingiza watu wake waamie na wavune. Akishavuna yeye, shamba limekwenda. Na mama alikuwa Mmatumbi, mtu wa milimani, ndugu zake wako mbali. Baba Mkubwa alishaanza kusema kwa watu, "Eda ikiisha atarudi kwao, huko kwenye mawe."

Maalim wa chuo aliulizwa, akasema aliyepotea husubiriwa, hatangaziwi kifo bila ushahidi. Baba Mkubwa hakupenda. Lakini alijua Maalim si kikwazo chake kikubwa. Kikwazo ni Bibi. Bibi ndiye mama wa mpotevu, akilia yeye, watu wote watakuja matanga, na Bibi alikuwa hajalia. Alikuwa anakaa tu anatazama njia. Kwa hiyo Baba Mkubwa akaenda Mohoro kumchukua Bwana Picha.

Jina lake la kweli sikuwahi kulisikia. Alikuwa mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, kofia ya kiua kichwani na kaptula ya kizungu. Alikuwa mpishi wa melini miaka mingi, na mikono yake ilinuka kitunguu saumu hata kama hakupika. Karata zile alizipata kwa mpishi mwenzake, mzee wa nchi za mbali, waliyekuwa wakipanga sahani pamoja. Alipoteremka melini akawa anatembea vijijini na kopo la biskuti, ndani karata zimefungwa kwenye kitambaa. Watu walimpa chakula na mahali pa kulala.

Walimwita mpiga ramli, akakataa. Alikuwa anasema, "Mimi naonyesha picha. Kusema utasema mwenyewe." Na kweli ndivyo alivyofanya, jambo lililowaudhi wengi. Mwanamke mmoja mkausha samaki alichomoa picha ya mnara unawaka moto na watu wanaanguka kutoka juu. Bwana Picha akamuuliza anaona nini. Akasema, "Tanuri langu, limejaa mpaka samaki wanamwagika." Akaenda zake kafurahi. Mwingine akatokewa na mwanamke uchi anamimina maji mtoni kwa mitungi miwili, nyota juu. Akasema, "Huyu mpumbavu kachota maji anayarudisha, na hana nguo, bila shaka ni mke mwenzangu." Bwana Picha hakuwasahihisha. Nilipokua nikaona watu wengi wanaojua jambo, lakini wa kukaa kimya nalo ili mwenzao apate kusema lake, wa namna hiyo nimewaona wachache.

Basi akaletwa. Ilikuwa baada ya alasiri, mkeka umetandikwa ukumbini kwa Bibi. Maalim akapita njiani, akasimama, akakohoa kile kikohozi chake. "Bibi, na umri huu, ramli?"

"Maalim, tunatazama picha tu. Karibu utazame."

"Astaghfirullah," akasema Maalim, lakini alisimama pale pale penye ua mpaka mwisho.

Bwana Picha akauliza, "Nani anauliza?"

"Mimi," akasema Baba Mkubwa. "Mdogo wangu, mzima au maiti? Nataka jibu moja, mbele ya mama yetu, tumalize."

"Mwenye mume ni nani?"

Mama akainua mkono kidogo.

"Basi achomoe yeye."

Baba Mkubwa akataka kubisha, Bibi akamzuia kwa jicho. Mama akachomoa, akaiweka mkekani. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza yule mtu wa kichwa chini.

"Haya!" Baba Mkubwa akapiga goti lake. "Mnataka nini tena? Si huyo? Kanyongwa."

Bibi akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua sasa analia, na akilia imekwisha. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya mama, nimeinamia ile picha. Wallahi sikusema kwa ujanja. Mtoto husema anachokiona. Nikasema, "Bibi, hajafa. Anapelekwa Mohoro."

Kisha Maalim, huko penye ua, akatoa kicheko kupitia puani.

"Mtoeni huyo mtoto," akasema Baba Mkubwa.

"Mwache," akasema Bwana Picha, akanigeukia. "Njoo, mama. Kwa nini Mohoro?"

"Kafungwa mguu. Kichwa chini. Katulia."

"Aliyekufa hatulii?"

"Aliyekufa nani atambeba? Hanunuliwi."

Bibi alishusha mikono. Akanitazama, akaitazama picha, akaniambia taratibu, "Mke mwenzangu, unamfananisha mwanangu na kuku?" Na akacheka, machozi yenyewe yako machoni, akacheka mpaka akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Kilio kilikuwa kimempita.

Hapo Bwana Picha akafanya jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akaeleza. Alielekeza kwa kidole kidogo bila kuigusa karata. "Tazameni mti. Una majani, mti mzima. Tazameni kamba, iko mguuni, haiko shingoni. Tazameni uso wake, na huo mwanga. Mzee wangu aliniambia huyu si aliyekufa wala aliyehukumiwa. Huyu anangoja. Kakubali kungoja, na kwa kuwa kakubali, anaona asivyoona aliyesimama kwa miguu."

"Basi mdogo wangu anangojea wapi?" Baba Mkubwa akauliza kwa kejeli.

"Mimi sijui ndugu yako alipo. Na sijasema huyu ni ndugu yako." Akamgeukia mama. "Aliyechomoa ni wewe. Unaona nini?"

Mama aliinamia picha muda mrefu. Si mke, si mjane; si wa bondeni, si wa mlimani tena. Hayo nayasema mimi leo, yeye hakuyasema. Alichofanya alinyoosha mkono, akaigeuza ile karata juu chini. Yule mtu sasa akawa kasimama kwa mguu mmoja, kama anayecheza ngoma. Mama akamtazama hivyo, kisha akamrudisha alivyokuwa. Akasema, "Naona mtu ambaye bado hajafunguliwa. Mimi nitaamia mpunga wangu. Mpunga ukiingia ndani na mume wangu hajatokea, nitakaa eda, na shamba mchukue. Kabla ya hapo asiniguse mtu."

"Jeuri hiyo," akasema Baba Mkubwa.

"Ni maneno ya mtu aliyeolewa kwa mahari," akasema Bibi. "Mpaka mpunga uingie ndani. Nimekata mimi."

Ndivyo tulivyopanda dunguni, mama na mimi. Wa rika langu mliokulia bondeni hamhitaji kuelezwa dungu, kile kibanda juu ya miti mirefu, ngazi ya magogo, moto mdogo unafuka kwenye udongo, na kamba zimetoka pale kwenda kila pembe ya shamba zimefungwa makopo. Ukivuta kamba, makopo yanalia, ndege wananyanyuka kama shuka linalokung'utwa. Mama alikuwa na kombeo. Nilikuwa sijui kama mama yangu anajua kombeo. Alilizungusha mara mbili juu ya kichwa, donge la udongo likaenda likatua pale pale ndege wanapotaka kutua, akacheka mwenyewe. "Milimani tunafukuza nyani," akaniambia. "Hawa wa kwenu ni vifaranga."

Alipiga kelele tangu jua linatoka mpaka linazama, sauti ikamkauka, akawa anapiga debe. Wanawake wa madungu ya jirani walimwita kwa mbali, "Somoe! Mjane wa nani wewe?" Naye akawajibu, "Wa ndege!" Nao wakacheka shamba hadi shamba. Wengine walikuwa na ulimi mkali zaidi. Kuna aliyesema mama hangojei mume, anangojea mpishi wa meli.

Maana Bwana Picha alikuwa anapita. Alipita njia ya mtoni, anasimama mbali na ngazi, anapaza sauti kila mtu asikie: "Hodi ya chini!"

"Karibu ya juu," anajibu mama, "lakini usipande."

"Sipandi. Nimezoea vyombo vinavyoyumba, hicho chenu kitanitapisha."

Basi anakaa chini kwenye gogo, mama yuko juu na kombeo lake, na mimi nateremka kuangalia karata. Alinipa ile moja niishike kwa ncha. Alinifundisha kidogo kidogo, kama mtu anavyofundisha kupika, leo kitunguu, kesho chumvi. Mguu uliokunjwa, akasema, ni kwamba mtu huyu hajapooza, angeweza kurusha teke, kaamua asirushe. Mikono ya mgongoni inaficha kitu ambacho hata mchoraji hakukijua. Nilimuuliza ule mwanga unatoka wapi. Akasema, "Damu yote imeshuka kichwani. Ukikaa hivyo muda, kichwa lazima kiwake." Mama akacheka huko juu, na mimi niliamini kabisa.

Na kwa kuwa niliamini, nikafanya langu. Nilisema moyoni, kama mtu wa kichwa chini anaona ambayo wengine hawaoni, basi mimi nitamwona baba alipo. Mchana mmoja mama amekaa anasuka ukili, nikachukua kamba ya makopo, nikajifunga kifundo cha mguu, nikajitelemsha ubavuni mwa dungu, mguu mwingine nikaukunja vile vile. Makopo yote ya shamba yakalia kwa pamoja. Ndege wakaruka. Damu ikashuka kweli. Mto ukawa juu, mbingu ikawa chini kama bonde limejaa maji, na mpunga wote, uliokuwa umeshainamisha vichwa kwa uzito, nikauona umesimama wima.

Baba sikumwona. Nilimwona mama. Yeye alikuwa ameinama juu ya kazi yake na kanga imemfunika uso, ndivyo alivyokuwa anakaa kila mchana, na mimi niliyekuwa nakaa kando yake sikuwahi kuona chini ya ile kanga. Kwa pale nilipokuwa nimening'inia, niliona. Uso wote ulikuwa umelowa. Alikuwa analia bila sauti, na vidole vinasuka, havikosei.

Makopo yalipolia tena akainuka, akaniona. "Mungu wangu! Mtoto huyu!" Akanivuta kwa mguu kama anavyovutwa kambale, akanipiga makofi mawili ya matako, akanikumbatia, akaniuliza kwa ukali, "Ulikuwa unataka nini?"

"Kumwona baba."

"Umemwona?"

"Hapana."

"Haya. Kavute kamba, ndege wanashuka."

Sikumwambia nilichokiona, na asubuhi yake aliwajibu wale wanawake utani wao kama kawaida. Tangu siku hiyo nilimtazama kwa namna nyingine. Nimeishi na watu wengi, nimezika wengi, lakini sijaona mtu mwenye nguvu kama yule mwanamke aliyelia kutwa nzima na ndege wasimlie punje. Yule dada wa simu anawaambia watu maana ya ile karata kwa maneno mazuri. Mimi nikiulizwa maana yake, jibu langu ni mama juu ya dungu.

Bwana Picha alikwenda zake kabla ya mavuno. Alisema anafika Ruaruke, huko kuna watu wanamwita. Nilimwomba aniachie karata yangu, akasema, "Nikikuachia, mwingine huko mbele atachomoa nini?" Akanipa kipande cha mdalasini badala yake.

Tukavuna. Mama alikata masuke kwa kisu kidogo, moja moja, kama tulivyokuwa tukifanya, Bibi akafunga matita, mimi nikapanga. Shamba lilikuwa limezaa mpaka jirani wakaja kusimama kulitazama. Siku ya mwisho kilikuwa kimebaki kipande kidogo upande wa mtoni, na Baba Mkubwa alikuwa ameshakuja na kijana wake. Walianza kupima shamba kwa hatua, wanachomeka vijiti. Mama alikata polepole. Nilimwona anapunguza mkono, anachagua suke, analigeuza, ndipo akate. Nikaelewa anausubirisha mpunga.

Bibi ndiye aliyemwona kwanza. Alisimama na tita mkononi, likamwanguka.

Baba alikuwa anakuja kwa njia ya shambani. Shati jipya, viatu vya ngozi, mzima kabisa, tena kanenepa. Baba Mkubwa aliganda na kijiti chake. Bibi akamfikia, akampapasa uso, mabega, mikono, akamalizia na kofi. "Hata salamu? Hata kwa mvuvi?"

Baba akasema mtumbwi ulikatika kamba na maji ya kujaa, ukaenda. Yeye alikuwa nchi kavu. Akasema alikusudia kuja, siku zikapita. Alikuwa anayasema hayo anaitazama ardhi.

Mama hakusogea. Alimaliza suke lililokuwa mkononi. Akauliza, "Umekula?"

"Bado."

Akampakulia bada, ule ugali wa muhogo, na samaki, akamwekea chini ya dungu. Baba akala, sote tumesimama tunamtazama anavyokula. Alipomaliza mama akasema, "Sasa sema, kaka yako asikie. Mimi ni mjane?"

"Hapana."

"Sema na lililokuleta. Hukuvaa viatu hivyo kuja kuvuna."

Baba akasema ana mke huko mikokoni. Huyo mke ana mimba. Hataki uke wenza.

"Basi niache," akasema mama. "Hapa hapa. Nimechoka kufungwa na mtu ambaye hayupo upande wa pili wa kamba."

Baba alimtazama Bibi kama mtoto anayeomba ruhusa. Bibi akageuza uso. Baba akamwacha mama, kwa maneno yanayojulikana, mbele ya kaka yake na kijana wa kaka yake. Mama akainua kisu chake. "Alhamdulillahi. Eda nitakaa, shemeji Hamisi, kama nilivyoahidi. Lakini ni ya kuachwa, ya mtu mzima, si ya maiti."

Baba Mkubwa akafungua mdomo aseme la shamba, kwamba mwanamke aliyeachwa hurudi kwao. Bibi hakumpa nafasi. Alitembea akang'oa kijiti cha kwanza, akang'oa cha pili, akavivunja gotini. "Shamba hili ni la mjukuu wangu na aliyeliamia. Mwenye neno aje aniambie mimi niliyewazaa nyote wawili." Mama akainama akamalizia kile kipande kilichobaki, na safari hii mkono ulikwenda haraka.

Baba alinisogelea. Nilikuwa nimejishika kwenye nguzo ya dungu. Akaniinamia, akasema, "Umeota meno." Nikafungua mdomo nimwonyeshe, ya mbele na yale ya pembeni, mpaka la nyuma kabisa, nikamwonyesha yote. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mali nzuri dukani. Kisha akakaa kwenye gogo, akavua vile viatu, akavishika mkono mmoja, akashika njia ya mtoni. Mimi nilidhani anakwenda kunawa miguu. Nikamtilia maji ya kunywa kwenye kata, nikasimama nayo pale njiani kwa mikono miwili, nikiangalia yasimwagike.